Reli ya Nachingwea iling'olewa. Je, reli mpya ya kusini itapona?

Msimu wa korosho ukifika, malori hupanga foleni kwenye maghala ya Nachingwea na Ruangwa kusubiri mzigo wa kwenda bandarini Mtwara. Vijana wengi wanaoyaona wanadhani ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Lakini waulize wazee. Watakwambia kwamba Nachingwea palikuwa na stesheni, na kwamba treni ya moshi ilifika hapa kutoka pwani kabla hata Tanganyika haijapata Uhuru.

Reli hiyo haipo tena. Vyuma viling'olewa, mataruma yakaondolewa, tuta likaachiwa nyasi. Sasa serikali ina mpango wa miaka mingi wa kujenga reli nyingine ya kusini, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Kabla hatujapiga vigelegele au kukata tamaa, tujiulize kwanza: ile ya zamani ilikufa kwa sababu gani?

Mvuke unavyosukuma treni

Bandika sufuria ya maji jikoni uifunike. Maji yakichemka, mfuniko unaanza kucheza. Maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi kubwa zaidi, na yasipoipata yanasukuma. Injini ya mvuke inatumia nguvu hiyo hiyo. Moto unachemsha maji ndani ya tangi la chuma, mvuke unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele na nyuma, na pistoni inazungusha magurudumu.

Injini za kwanza hazikubeba abiria. Mwaka 1712 huko Uingereza, Thomas Newcomen alitengeneza mashine ya mvuke ya kuvuta maji yaliyojaa kwenye migodi ya makaa ya mawe. James Watt akaiboresha, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1769. Mashine ya Watt ilifanya kazi ile ile kwa makaa machache zaidi.

Mwaka 1804 Richard Trevithick aliweka injini ya mvuke juu ya reli huko Wales. Ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70. Injini ilifaulu, lakini reli hazikufaulu. Zilikuwa za chuma dhaifu, zikavunjika kwa uzito. Mwaka 1825 ikafunguliwa reli ya Stockton na Darlington, aliyoisimamia George Stephenson, na mwaka 1830 ile ya Liverpool na Manchester, iliyounganisha bandari na mji wa viwanda vya pamba.

Tuangalie jambo moja hapo. Makaa ya mawe yalikuwa yakichimbwa tayari kabla ya reli ya Stockton kujengwa. Pamba ilikuwa ikishuka tayari Liverpool, na viwanda vya Manchester vilikuwa vikiingoja. Mzigo ulikuwepo, watu wakiuhangaikia kwa farasi na mashua. Reli ilikuja kuufuata.

Afrika Mashariki mambo yaligeuka

Huku kwetu wakoloni walifanya kinyume. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika Ziwa Victoria mwaka 1901, wakitumia maelfu ya vibarua kutoka India. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita.

Sehemu kubwa ya njia hizo ilijengwa kwanza, mzigo ukatafutwa baadaye. Na kuutafuta kulikuwa na gharama, ambayo hakuilipa mjenzi. Huko Kenya, ardhi ya wenyeji ilichukuliwa wakapewa walowezi ili walime mazao ya kuilipia reli. Huko Uganda wakulima walihimizwa na kushurutishwa kulima pamba. Reli ya Tanga ilipata katani kutoka mashamba makubwa, na baadaye kahawa ya Kilimanjaro. Njia hizo zilidumu kwa sababu mzigo ulipatikana, hata kama ulipatikana kwa kuwaumiza watu.

Kusini hatukupata reli ya namna hiyo wakati wa Wajerumani. Tulisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Karanga zilileta treni

Vita ilipoisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka uliofuata Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache tu, kisha ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, na eneo kubwa kuliko yote huku Jimbo la Kusini, likiwa na makao Nachingwea.

Karanga nyingi namna hiyo zingetokaje porini? Lindi haikuwa na gati la kuhudumia meli kubwa. Ikaamuliwa mambo mawili: kujenga bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, na kujenga reli hadi Nachingwea. Kwa kuwa bandari ingechukua miaka, reli ilianzia kwanza Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Treni ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 na kuunganishwa na reli hiyo kupitia Ruo, na baadaye likajengwa tawi la kuelekea Masasi. Reli ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na Reli ya Kati, lakini haikuungana nayo popote. Ilikuwa kama kisiwa.

Kumbuka pia kwamba injini ya mvuke hunywa maji mengi. Kila baada ya umbali fulani panahitajika tangi, na tangi linahitaji chanzo kisichokauka. Mwenyeji wa Nachingwea hahitaji kuelezwa kwamba hilo si jambo dogo mwezi wa Oktoba.

Treni ilifika, karanga hazikufika

Mpango wa karanga ulishindwa, na ulishindwa haraka. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika. Miti na mizizi ilikuwa migumu kuliko walivyodhani. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu ya saruji, na mvua haikuaminika. Nachingwea udongo ulikuwa na nafuu, lakini kazi ilichelewa, kwa sehemu kwa sababu bandari na reli zenyewe zilikuwa bado zinajengwa. Ardhi iliyosafishwa ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile iliyoandikwa kwenye makaratasi.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo kama ulivyokusudiwa, na kufuta takribani pauni milioni 36. Wakati huo bandari ya Mtwara ilikuwa bado haijakamilika. Yaani mzigo ulikufa kabla mlango wa kuutoa haujafunguliwa.

Reli ikabaki na kazi ndogo: mazao ya wakulima, mbao, abiria, bidhaa za madukani. Hayo hayakutosha kulipia injini, mafundi, matangi ya maji na ukarabati wa njia. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliona hasara kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, huduma ilifungwa na reli ikang'olewa. Baadaye sehemu ya mashamba ya zamani ya karanga, iliyojulikana kama Farm 17, ikawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Historia ikaipa Nachingwea kazi nyingine, lakini treni haikurudi.

Kosa lilikuwa wapi?

Wapo wanaosema kosa lilikuwa kuing'oa. Hoja yao ina uzito. Korosho, ambayo leo ndiyo uti wa mgongo wa kusini, ilizidi kupanuka miaka ile ile reli ilipokuwa inaondolewa. Kama vyuma vingebaki, huenda mzigo ungevikuta. Kujenga upya ni ghali mara nyingi kuliko kutunza.

Lakini kosa la kwanza lilitangulia hapo. Reli nzima iliegemea zao moja, la mwajiri mmoja, lililokuwa bado halijaota. Hakuna aliyewauliza wakulima wa Nachingwea wanalima nini, kiasi gani, na wanakipeleka wapi. Mkulima wa karanga wa hapa alizijua karanga kabla ya ujumbe wa London kufika, na alijua pia mvua ya eneo lake ilivyo. Maarifa hayo hayakuingia kwenye hesabu.

Na sasa je?

Mwaka 2024 treni za umeme za SGR zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Si ajabu watu wa kusini wakauliza zamu yao. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imepangwa kuwa na urefu wa takribani kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe.

Safari hii hali ya mzigo ni tofauti. Makaa ya mawe ya Ruvuma tayari yanasafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara. Ruangwa kuna madini ya kinywe, yanayotumika kwenye betri. Nachingwea kuna nikeli ardhini. Kuna korosho, ufuta na mbaazi. Tuchukue mfano wa hesabu: treni ya mabehewa 30, kila behewa tani 40, inabeba tani 1,200. Hizo ni safari 40 za lori la tani 30. Barabara ingepumua.

Hata hivyo, korosho peke yake hailishi treni mwaka mzima, kwa kuwa msimu wake ni wa miezi michache. Madini ndiyo yangeiendesha miezi mingine. Na madini, kama karanga za 1946, mengi bado yako ardhini na kwenye makaratasi. Hasa chuma cha Liganga, ambacho kimesubiriwa miaka mingi.

Kwa mkulima, jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Mnunuzi anapoandika bei yake kwenye mnada wa chama kikuu, anakuwa amekwisha kupiga hesabu ya kutoa korosho ghalani hadi melini. Usafiri ukiwa ghali, bei anayoweza kukupa inashuka. Usafiri ukishuka, kuna nafasi ya bei kupanda, ingawa si lazima nafasi hiyo imfikie mkulima.

Ndiyo maana, mradi huu utakapofika kwenye mikutano ya vijiji, kuna maswali manne yanayofaa kuulizwa mapema:

1. Njia kuu inaelekea Masasi, Tunduru na Songea. Nachingwea na Ruangwa zitaunganishwa kwa tawi, au tutapeleka mzigo Masasi kwa lori?

2. Ni mzigo gani ulio tayari leo, na ni upi unaotarajiwa tu? Ule wa kutarajiwa usipokuja, nani atabeba hasara?

3. Mabehewa yatapokea mzigo wa vyama vya ushirika kwa bei iliyo wazi, au yatakuwa ya wenye migodi tu?

4. Ardhi itakayochukuliwa italipwa lini: kabla ya tingatinga kuingia au baada?

Mwaka 1946 maswali ya aina hii hayakuulizwa hapa, na waliopanga walikuwa mbali. Uingereza ilipoteza fedha, ikaenda zake. Nachingwea ilibaki na tuta.

Wewe msikilizaji, kama kijijini kwako bado kuna alama ya reli ile, au kuna mzee aliyefanya kazi stesheni, tutumie ujumbe wa sauti kwenye simu. Kumbukumbu hizo nazo zina nafasi yake wakati reli ya pili inapopangwa.