Mzanzibari Asiyeijua Unguja

Mjini Maskati, aliyezaliwa Bujumbura huitwa Mzanzibari. Wa Mombasa, Tabora au Kigali naye huitwa hivyohivyo, hata kama hajapata kuiona Forodhani. Jina hilo, basi, halijali ramani. Linauliza jambo jingine: mama yako nani?

Ndiyo maana swali la "asili yako hasa wapi?" haliridhiki. Mtu atataja kabila la baba yake na kijiji cha Sharqiya alikotoka babu, na bado muulizaji atatazama nywele. Nasaba hufuata baba. Shaka humfuata bibi, Mnyamwezi au Mmanyema, ambaye shajara ya ukoo haimtaji. Posa inapokuja, shaka hiyo hupata neno la heshima: si kufu.

Wengi walirejea baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa ng'ambo. Baadhi walikuwa wamekimbia Mapinduzi ya 1964. Unguja wazee wao waliitwa Wamanga. Maskati elimu yao ilitakiwa maofisini, Kiswahili chao kikatiliwa shaka, tena katika mji ambamo Kibaluchi kimesemwa vizazi na vizazi!

Wasomi nao hawana udhuru. Wanaofika na vinasa sauti kuuliza "wewe Mwarabu au Mwafrika?" wanalirudia swali la mtaani kwa lugha ya semina. Hilo "au" ndilo la kukataliwa. Vinasa sauti hivyo vipelekwe kwanza kwa baba aliyeirudisha posa, aulizwe ni kitu gani alichokiona katika jina la mchumba.