Ukiriguru Iko Jirani, Elimu Yake Iko Mbali

Kutoka Mwanza mjini hadi Ukiriguru, wilayani Misungwi, si safari ya kulala njiani. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wamekaa pale wakipima udongo na kuzalisha mbegu. Zile herufi UK katika mbegu ya pamba ya UK 91 ni za Ukiriguru. Je, wangapi kati yetu tuliolima pamba tulilijua hilo?

Asije mtu akasema wakulima wetu ni wajinga. Msukuma hatamki "udongo" akaishia hapo. Kichanga cha mwinuko anakiita luseni. Ule mgumu wa chini yake, itogolo. Ule mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kunata masika, ni mbuga. Mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alipowaeleza wanasayansi, miaka hiyo ya 1930, kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, bibi zetu walikuwa wameshaupa kila mmoja jina lake. Nao Wakara, kisiwani kwao kusikobaki shamba la kulaza, wamefuga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani, wakabeba samadi shambani, na kupanda marejea katikati ya uwele ili waifukie iwe mbolea.

Basi tatizo ni nini? Ni namna ya kuambiana. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkoloni alileta Usukuma mpango wa matuta na kupunguza mifugo. Mengine aliyoyasema yalikuwa kweli: matuta yaliyofungwa hushika maji ya mvua. Lakini kweli hiyo ilikuja na faini mkononi. Geita ilipochafuka mwaka 1958, wananchi wakimpinga mkoloni, manung'uniko ya kilimo cha amri yalikuwa miongoni mwa kuni za moto ule. Amri zikaachwa, na matuta mengi yakaachwa pamoja nazo.

Leo hatupigwi faini, tunagawiwa kofia. Mkulima anapita mabanda ya Nane Nane pale Nyamhongolo, anapewa kipeperushi, anarudi kijijini na swali lake lile lile. Hilo mimi siliiti elimu. Tazameni muhogo: ugonjwa wa michirizi kahawia waweza kuacha majani yakipendeza huku mzizi unaoza ardhini, na pingili uliyoombwa na jirani kwa wema ikaubeba hadi kwake. Jambo kama hili halieleweki kwa karatasi. Ling'oeni shina mbele ya watu, lipasueni, waone kwa macho yao. Bwana shamba asiye na jembe mkononi atasikilizwa kwa adabu tu.

Nasi wakulima tusingoje kufuatwa. Kabla ya mvua za vuli, chukua ndoo safi, pita shambani kwa kukatakata kona, chimba sentimita 20 mahali kama 15, changanya, anika kivulini, jaza nusu kilo mfukoni. Andika jina la kijiji na zao la mwaka jana. Usichanganye luseni na mbuga. Kila mmoja na mfuko wake. Kisha wapelekee wataalamu wa Ukiriguru, na usiondoke kabla hujaelezwa majibu kwa lugha unayoielewa.