Amin aliiona filamu yake. Wewe umeonyeshwa yako?

Ndugu zangu wa Katwe, Nsambya na Nakivale, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: leo naleta filamu moja ya Kifaransa iliyopigwa hapahapa Uganda. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Inaitwa Général Idi Amin Dada: Autoportrait. Ilitoka 1974, mtengenezaji ni Barbet Schroeder. Autoportrait ni picha ambayo mtu amejichora mwenyewe, na kweli, Schroeder alimwachia Amin apange mambo. Amin ndiye aliyetoa wanajeshi wakajifanya wanateka milima ya Golan mikononi mwa Israeli, wakati wako Uganda! Ndiye aliyekalisha mawaziri kimya akiwafokea. Hata akordioni unayosikia anapiga yeye. Na filamu haifichi, mtazamaji anajua kabisa nani amepanga nini.

Aliyeshika kamera, Néstor Almendros, alikuwa mtu wa kuhama kama sisi. Alizaliwa Barcelona, akamfuata Cuba baba yake aliyemkimbia Franco. Cuba nako wakapiga marufuku filamu yake, akaenda Paris. Mkimbizi analenga kamera kwenye uso wa rais! Sisi tumezoea kamera inalengwa kwetu tu.

Sasa sikiliza. Amin alipojua filamu inayoonyeshwa Ulaya ina nini, akadai vipande vikatwe. Schroeder akakataa. Amin akakusanya Wafaransa waliokuwa wanaishi Uganda, zaidi ya 100, akawaweka hotelini, jeshi likazunguka, wakapewa namba ya simu ya Schroeder wampigie. Schroeder akakata kama dakika mbili na nusu, lakini mahali pale akaweka maandishi ya kusema nani amesababisha. Amin alipoanguka 1979, akavirudisha.

Asije mtu akasema namsifu Amin. Ule ni ujambazi. Michael Ondoga, waziri wake wa mambo ya nje, yumo kwenye kile kikao, anasemwa mbele ya wenzake. Baadaye maiti yake ilikutwa kwenye mto Nile. Yeye nani alimuuliza kipande gani kitoke? Mwenye bunduki alipata kukata filamu. Aliyefokewa hakupata kitu.

Na leo Kampala ni hivyohivyo, ila bunduki haipo. Video yako inaangaliwa na bosi, ofisi ya mawasiliano na mfadhili kabla haijatoka. Kila mmoja anakata anachotaka. Wewe mwenye sura unakuja kujiona kwenye simu ya jirani.

Halafu kuna maigizo. "Mama, beba tena jerikeni, jua limekaa vizuri." "Usicheke, tuambie ya vita." Mtoto anavuliwa viatu ili picha iguse. Amin alipopanga mambo, filamu ilisema Amin amepanga. Shirika likipanga, video inasema "maisha halisi ya wakimbizi". Sasa nani mkweli hapo?

Najua majibu yenu. La kwanza: "Si mlisaini fomu?" Fomu ya Kiingereza, siku ya kugawa msaada, mbele ya mtu ambaye jina lako liko kwenye orodha yake. Ile si ruhusa, ni woga wenye sahihi. La pili: "Mkipewa nafasi ya kukata, mtakata ukweli kama Amin." Hapana. Mkubwa akikata, anafunika wale anaowaumiza. Mama akiomba mlango wake wa Nsambya usionekane, ni juu ya waliomfukuza Rutshuru, nao wana simu. Mkiogopa mtazamaji atadanganyika, fanyeni kama Schroeder, andikeni: hapa pamekatwa kwa ombi la aliyehojiwa. Kazi imekwisha.

La tatu: "Hatuna muda." Mwaka 1961, Jean Rouch na Edgar Morin walitoa Chronique d'un été, filamu ya watu wa Paris. Waliwaita waliorekodiwa, wakawaonyesha vipande, wakarekodi mabishano yao. Mmoja anasema huyu anaigiza, mwingine anasema yule amejianika mno. Mabishano hayo yamo ndani ya filamu yenyewe! Waliweza kwa mitambo ya wakati ule. Nyinyi mna WhatsApp, mnashindwa kututumia video ya dakika tatu?

Vijana, ukiitwa kurekodiwa, uliza matatu kwa lugha yako. Nitaiona lini kabla haijatoka? Nikisema kipande kitoke, nani atakitoa? Mkinipanga, mtasema mmenipanga? Wakikosa jibu, waambie warudi wakiwa nalo. Na nyinyi wa mashirika, msingoje tuulize. Tumeni video.