Kifua kimembana, na sisi tukambana

Leo siasa naziweka pembeni, nataka niongee jambo la nyumbani, maana kuna kosa tunalolirudia wengi wetu huku Twin Cities, na anayelipa ni mtoto.

Mtoto wetu wa pili alikuwa na mwaka na nusu kifua chake kilipoanza kupiga filimbi. Ilikuwa Januari, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, mafua yameingia nyumba nzima. Sisi wakubwa yalipita. Yeye yakashuka kifuani: anapumua harakaharaka, usiku halali. Tukampeleka kliniki moja, tukapewa pampu, kopo la plastiki lenye barakoa ndogo mbele (wenyewe wanaliita spesa), na karatasi ya maelekezo. Hakuna aliyetuonyesha, na sisi hatukuuliza. Si mnajua tulivyo wageni, kuuliza tunaona aibu.

Basi usiku ule mama yake akamshika miguu, mimi nikambana mikono na kichwa, barakoa nikaigandamiza usoni. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Nikabonyeza mara mbili mfululizo, tukajipongeza kwamba dawa imeingia. Nusu saa baadaye filimbi ni ileile. Ikawa hivyo wiki nzima, hadi akiliona lile kopo tu anakimbilia chini ya meza.

Tulipoishia hospitali, muuguzi mmoja aliniomba nimwonyeshe ninavyofanya. Nikaona aibu. Lakini ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue: mtoto anayelia anatoa pumzi ndefu na kuvuta vipande vifupi vya kasi. Dawa nyingi inaishia mdomoni na kooni, anaimeza, na barakoa ikisogea kidogo tu nyingine inapotelea hewani. Kwa hiyo tulikuwa tunamtesa bure. Dawa hii inaingia kwa pumzi yake, na pumzi yake mimi siwezi kuivuta kwa nguvu zangu.

Na msidhani dawa ya kuiiba ni kuiweka barakoa mbali kidogo na uso ili asilie. Dawa inaruka tu. Wengine wanasubiri alale. Wengi wanaamka na vita inaanza upya.

Sasa sisi tunafanya hivi. Kopo halikai kabatini, linakaa kwenye vitu vya kuchezea, ingawa pampu yenyewe tunaiweka juu asikoifikia. Siku akiwa mzima anamvalisha dubu wake barakoa, ananivalisha mimi, halafu anajivalisha mwenyewe. Wakati wa dawa anakaa mapajani, mgongo umeegemea kifua changu. Natikisa pampu, barakoa inakaa sawasawa puani na mdomoni, nabonyeza mara moja tu. Kopo letu lina kivalvu kidogo kinachocheza kila anapopumua, nacho tunakihesabu pamoja: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Tunapumzika kama dakika moja, natikisa tena, tunarudia. Ile dawa ya kuzuia, ya kila siku, tukimaliza namfuta uso na kumpa maji. Kopo linaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa likauke lenyewe bila kulifuta, maana kulisugua kunafanya dawa ing'ang'anie kwenye plastiki.

Mtaniuliza, je, akibanwa kweli usiku wa manane na anakataa? Hapo sibembelezi mpaka asubuhi. Nampa hivyohivyo huku analia, nimemkumbatia imara, kwa sababu kidogo kinachoingia ni bora kuliko kukosa. Mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kunywa au kuongea, ni 911 bila mjadala. Lakini usiku wa namna hiyo unakuwa mwepesi zaidi kama zile siku 30 za uzima mlicheza na lile kopo. Urafiki na dawa haujengwi saa ya shida.

Sasa nije kwa mama yangu, Tanga. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, neno ni moja: "Baba, usimzoeshe mtoto pampu." Simlaumu. Zamani kwetu pampu uliiona mkononi mwa mtu aliyezidiwa, kwa hiyo tukaamini pampu ndiyo inayozidisha. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa wameipata wakiwa wamechelewa. Pampu haimfanyi mtoto kuwa teja. Akiihitaji mara kwa mara, hiyo ni habari kwamba ugonjwa haujadhibitiwa, rudi kwa daktari. Kumnyima hakuuondoi ugonjwa.

Kuna ndugu aliyetuletea sirapu ya salbutamol toka Dar, kwa mapenzi tu. Angalieni hesabu: kijiko cha mililita 5 kina miligramu 2. Pampu ukiibonyeza mara mbili ni karibu miligramu 0.2. Yaani kijiko ni mara kumi, kinazunguka tumboni na kwenye damu kwanza, kinachelewa kufanya kazi na kinamwachia mtoto mikono inayotetemeka na moyo unaodunda. Miongozo ya kimataifa ya pumu haiipendekezi tena. Na mjue kwamba salbutamol ya nyumbani, Ventolin, na albuterol ya Marekani ni kitu kimoja, msije mkampa mtoto zote mkidhani ni dawa tofauti.

Kwa walio nyumbani wanaosema kopo ni la matajiri: mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti ulioonyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa vizuri, ilifanya kazi sawa na kopo la dukani kwa watoto wenye pumu. Mdogo bado anahitaji barakoa, lakini muulizeni daktari wenu.

Na ninyi wa Brooklyn Park, Saint Paul na kwingineko huku: ombeni mkalimani, ni haki yenu na hamlipii. Mwambieni muuguzi, "niangalie ninavyofanya." Tangu Januari 2025 sheria ya Minnesota imeweka kikomo cha dola 25 kwa mwezi kwa kila dawa ya pumu unayochangia, kwa bima zinazoguswa na sheria hiyo. Ulizeni kama yenu imo. Msiipunje dawa kwa kuogopa bili kabla hamjauliza.

Kijana sasa ana miaka miwili na miezi. Jumapili bibi yake alimwona kwenye simu ya video akihesabu pumzi kwa Kiswahili, moja mpaka sita bila kukosea. Kwa mtoto aliyezaliwa Minneapolis, bibi alifurahi mno. Halafu akasema, "Mwambie amfundishe na babu yake, maana naye kifua kinamsumbua, na pampu anaificha chini ya mto."

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu semeni, na wanaopinga pia karibuni.