Bwawa Uani, na Maji ya Nani?

Katika masika ya miaka michache iliyopita, kwenye kitongoji kimoja kilicho upande wa juu wa mji wa Arusha, palikuwa na shimo. Mwenye nyumba alikuwa amelichimba mwezi wa Februari kwa nia ya kujijengea bwawa la kuogelea. Fedha zikamwishia kabla ya zege, mafundi wakaenda zao, na mvua za Aprili zikalijaza lile shimo mpaka ukingoni. Kwanza akafa mbuzi. Kisha, Jumapili moja alasiri, mtoto wa jirani akateleza humo. Aliokolewa na mama aliyekuwa akianika nguo, ambaye mwenyewe hajui kuogelea, ila alipata akili ya kumnyoshea mti wa kamba ya nguo. Mtoto yu hai, naye anasoma. Lakini tangu siku ile mimi siwezi kusikia habari ya bwawa la nyumbani bila kuuliza maswali mawili: maji yatatoka wapi, na uzio u wapi?

Ndugu msomaji asije akatuelewa vibaya. Wapo wasemao kuwa bwawa uani ni anasa tupu, na kwamba mtu mwenye fikira njema hana haja nalo. Sisi hatusemi hivyo. Zamani katika nchi hii bwawa la kuogelea lilikuwa jambo la hoteli, la klabu na la walowezi, na Mwafrika aliliona alipokwenda kulifagia. Leo akipita mtu Njiro, Ilboru au Usa River, husikia nyuma ya kuta sauti za watoto wetu wakirukia maji. Mwenye nyumba aweza kuwa mfanyabiashara wa nafaka, au dereva aliyewapeleka wageni Serengeti kwa miaka ishirini akaweka akiba yake. Jasho lake ni halali, na furaha ya watoto wake si dhambi. Twasema tu kwamba bwawa si kama kabati la vyombo, ambalo mtu akilinunua halimhusu jirani. Bwawa ni maji, na maji ya Meru yana wenyewe wengi.

Tufanye hesabu, kwa maana wengi huanza kuchimba bila hesabu. Bwawa la kiasi, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita moja na nusu, hushika mita za ujazo 48. Hizo ni lita 48,000, yaani ndoo 2,400 za lita ishirini. Mama achotaye ndoo sita kwa siku angehitaji siku 400 kulijaza, bila kupika wala kufua. Tena kulijaza si mwisho wa kazi. Katika siku za jua kali na upepo, maji yapatayo milimita 5 huweza kupotea hewani kwa siku moja. Kwa eneo la mita za mraba 32, hizo ni lita 160, sawa na ndoo nane. Basi jua peke yake laweza kunywa kwenye bwawa la jirani mmoja zaidi ya yale yanayotumiwa siku nzima na nyumba ya jirani wa pili.

Yatoke wapi, basi, maji hayo? Aliye mjini atasema: ya bomba, nami nalipa ankara. Neno lake lina uzito. Arusha ilipata mradi mkubwa wa maji uliotajwa kuwa wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na visima virefu vilichimbwa ili kuongeza maji ya mji ambao Sensa ya mwaka 2022 ilikuta una watu zaidi ya laki sita. Mtu akilijaza bwawa lake polepole, usiku, wakati watu hawachoti, akalifunika kwa turubai kila jioni na akalipa anachodaiwa, hatuna la kumshitaki. Hapana haja ya kumwaga maji kila mwezi. Bwawa lenye kichujio kizuri cha mchanga na klorini ya kiasi huweza kukaa na maji yale yale mwaka na zaidi. Anayemwaga mara kwa mara anakiri tu kwamba hajui kulitunza.

Kinachotutia uchungu ni habari ya mfereji. Tangu zama za wazee wa wazee wetu, Wameru na Waarusha waliyateremsha maji ya mlima kwa mifereji waliyoichimba kwa mikono, ikafuata migongo ya vilima hata kufika penye migomba. Mfereji una kamati yake na zamu zake. Huyu hupewa asubuhi, yule jioni, na asiyekuja kuuzibua siku ya kazi hutozwa faini. Hakuna askari aliyesimama juu ya utaratibu huo, bali ulisimama juu ya aibu, kwa kuwa mtu aliogopa kuonekana ameiba zamu ya mjane. Sasa yumo mwenye nyumba kubwa ambaye usiku hutia mpira wa nchi mbili katika mfereji, na asubuhi bwawa lake limejaa, na migomba ya chini imekauka. Huyo akikutwa, husema maji ni ya Mungu. Ni ya Mungu, kweli, lakini zamu ni ya Mama fulani.

Tena mfereji hauishii kwa jirani wa chini. Mito ya Themi, Nduruma, Maji ya Chai na Usa hushuka kutoka upande wa kusini wa Meru na kuingia katika Kikuletwa, na Kikuletwa huenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huitwa mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani kabla ya kufika baharini. Njiani yako mashamba ya wakulima wadogo, mashamba makubwa ya maua, na chini kabisa ng'ombe wa wafugaji, ambao kila mwaka wa ukame huwa wa mwisho kupata na wa kwanza kukosa. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliyaweka maji yote kuwa mali ya umma. Atakaye kuchimba kisima kirefu hapana budi apate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kwanza. Wengi huona kibali kuwa usumbufu, walakini kisima cha mmoja chaweza kukausha chemchemi ya kumi.

Lipo jambo moja la Meru ambalo wageni hawalijui, nalo lafaa kusemwa hapa. Mlima huu ni volkano, na mwamba wake hutoa floraidi. Ndiyo sababu wazee wengi wa Maji ya Chai na Engare Nanyuki wana meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini nchi yetu kwa miaka mingi ilikubali hata 8 vijijini, kwa kuwa watu wa mahali pengine hawakuwa na maji mengine ya kunywa. Kuyachemsha hakusaidii, bali huyazidisha makali. Pale Ngurdoto kiko kituo cha utafiti ambacho kimeyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ya busara isiyosifiwa vya kutosha. Sasa, floraidi haiingii mwilini kwa kuoga kama iingiavyo kwa kunywa. Basi kama yako maji yafaayo kuogelea kuliko kunywa, ni hayo ya kisima chenye floraidi nyingi. Mwenye bwawa ayapime, ayatumie hayo, na chemchemi tamu za juu awaachie wenye mitungi. Ajue tu kwamba kadiri jua linyonyavyo maji, floraidi hubaki na kuongezeka. Kwa hiyo watoto wafundishwe kutoyameza, na yasinyweshwe mifugo wala kumwagiwa mboga. Hata yasiyo na floraidi, yenye klorini, yasirudishwe mfereji yangali makali. Yaachwe juani siku kadhaa kwanza.

Kuhusu ujenzi wenyewe hatutasema mengi, maana mafundi wapo, ila tuseme yale ambayo mafundi wa bei rahisi huyaruka. Lita 48,000 ni uzito wa tani 48. Katika sehemu za chini za Arusha upo udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta wa matofali matupu juu yake utapasuka nao. Pajengwe sakafu na kuta za zege lenye nondo, juu ya kifusi kilichoshindiliwa, pasiwekwe vigae kabla ya plasta isiyopitisha maji kujaribiwa. Na asimwage mtu bwawa lake katikati ya masika. Maji yaliyo ardhini husukuma kwenda juu, na bwawa tupu huelea kama mtumbwi, likavunja mabomba yake yote. Wako waliopoteza mamilioni kwa usiku mmoja kwa sababu ya kutaka kusafisha. Halafu wakumbuke kwamba Arusha ipo yapata mita 1,400 juu ya bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti maji ya bwawa huwa baridi kama ya mtungi, na pampu na klorini bado zadai fedha zake.

Sasa uzio. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto mdogo hafi maji kwa kelele. Huzama kimya, kwa muda wa mtu kujibu simu. Ukuta wa nje wa nyumba hautoshi, kwa kuwa mtoto wa nyumba yu ndani ya ukuta huo, pamoja na mtoto wa mfanyakazi na mtoto wa mgeni. Pazungushiwe bwawa lenyewe uzio wa mita 1.2 au zaidi, wenye nafasi zisizopenya kichwa cha mtoto, na lango lijifungalo lenyewe, komeo lake likiwa juu. Anayesema uzio utaharibu sura ya bustani, na aende akamwulize yule mama wa mti wa kamba.

Nasi tuna haja moja kwa wale waliojaliwa. Shule nyingi kwenye miteremko ya Meru zimezungukwa na mito na mifereji, na watoto wake hawajui kuogelea kabisa. Wao huvuka maji kila siku ya shule. Mwenye bwawa akiwakaribisha watoto kumi wa shule ya jirani, Jumamosi moja kwa mwezi katika miezi ya joto, pamoja na mwalimu ajuaye kuogelea, hatapungukiwa na tone. Wazazi wakiweza kuchanga, na halmashauri ikatoa kiwanja, bwawa moja la kata lingetumika zaidi ya mabwawa ishirini ya nyuma ya kuta.

Lile shimo la kitongoji chetu bado lipo. Mwenyewe amelizungushia miti ya mkaratusi na waya, baada ya mjumbe kumwendea mara tatu. Masika yajayo litajaa tena, na waya umeanza kulegea upande wa njia ya shule.