KUTUNZA MAJI NI KAZI YA NANI?

Kila mwaka, mvua ikishakatika, watu wa Usevya na Mpimbwe nzima huanza kuhesabu miezi. Tangu Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Na mvua ya Novemba ikichelewa, kiangazi hugeuka ukame. Katika siku hizo ndipo husikika mwito: wananchi, tutunze maji nyumbani. Mwito huo ni mwema nasi twauunga mkono. Lakini twauliza: unaelekezwa kwa nani?

Mama aamkaye alfajiri kwenda kisimani hahitaji hotuba. Maji aliyooshea mboga huyapeleka kwenye mchicha; aliyofulia huyanyunyiza uani apate kufagia bila vumbi. Huyo hapotezi tone, kwa kuwa kila tone amelibeba kichwani. Yeye ndiye mwalimu, na wanafunzi ni sisi wengine.

Tufanye hesabu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka mahali pasipozidi mita 400 na nyumba yake. Jamaa ya watu sita basi yahitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Ndoo moja iliyojaa ina kilo 20 za maji; kwa siku moja ni kilo 150. Ni nani azibebaye? Mara nyingi ni mama na binti zake, huku baiskeli ya baba imeegemezwa ukutani. Ndugu wanachama, hapo ndipo pa kuanzia. Mwanamume anayefunga madumu kwenye baiskeli yake hapunguziwi heshima hata chembe; na atakapoyabeba mwenyewe, hataogea tena maji ambayo yangetosha watu watatu.

Jambo la pili ni paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita nane na upana wa mita sita hupokea, kwa mvua moja ya milimita 20, karibu lita 960. Hata robo yake ikipotea, zitabaki lita 720, ambazo ni ndoo 36. Maji hayo yote twayaacha yachimbe makorongo uani, kisha mwezi wa Septemba twalia. Michirizi ya bati na pipa safi lenye kifuniko ni kazi ya fundi wa kijijini. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo yakingwe maji. Na pipa lifunikwe, mbu wasizaliane humo. Maji ya kunywa yachemshwe.

Twaonya pia kwamba iko akiba isiyofaa. Asiyenawa mikono atokapo chooni hajatunza maji, bali ameita kipindupindu. Kibuyu chirizi, dumu dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia, hunawisha watu wengi kwa maji machache. Kila nyumba iwe nacho.

Sasa tuwageukie wenye bomba. Katika majengo ya umma, na hasa katika ofisi, si ajabu kuona bomba linalodondoka tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na kila apitaye hujisemea kwamba yuko mwenye kazi hiyo. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Mfanyakazi apitaye bomba hilo bila kulifunga au kutoa habari amemnyang'anya mama wa kisimani jasho lake. Haifai ofisi kuwahimiza wanakijiji kubana matumizi ilhali ua wake wenyewe umelowa.

Walio na deni kubwa kuliko wote ni wenye mifereji ya mashamba. Tazameni Mto Katuma. Mto huu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, hufika Ziwa Chada, kisha hutoka kwa jina la Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Siku hizi kiangazi huukausha, na viboko hubanana matopeni kwa mamia. Si mvua peke yake ya kulaumiwa. Huko juu watu walizuia mto ili kumwagilia mashamba, na misitu ya vyanzo ikakatwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Lakini sheria isiyo na walinzi ni karatasi tu, na walinzi wake ni sisi.

Hatusemi mpunga usilimwe. Mpunga ni chakula chetu na ni ada ya shule ya watoto wetu. Twasema mfereji ufungwe usiku pasipo na zamu, na shamba lisizamishwe siku zote. Majaribio ya kilimo shadidi huko Mkindo, Mkoa wa Morogoro, ambako shamba hulowanishwa na kuachwa likauke kwa zamu, yalionyesha kwamba maji machache huweza kuleta mavuno mengi zaidi.

Mwaka 1971 Serikali ya TANU ilianza mpango wa miaka 20 ili kila mwananchi wa kijijini awe na maji karibu. Ilipofika 1991 lengo hilo lilikuwa halijatimizwa, na hadi leo bado liko wajibu wa Serikali wa kuchimba visima na kutandika mabomba; hatutaacha kuukumbusha. Lakini bomba jipya litokalo mto uliokufa halitatoa kitu ila upepo.

Kwa hiyo twajibu swali letu. Kutunza maji ni kazi ya kila mtu, ila ianze kwa aliye nayo mengi: mwenye mfereji kwanza, mwenye bomba wa pili, na mwenye ndoo awe wa mwisho kuambiwa. Maji yakimwagika hayazoleki.