Sukuma, vuta: somo la nyumbani kwa watoto wadogo

Akina mama wapendwa, mtoto wa miaka mitatu au minne haoni mlango bila kuusukuma, wala kitambaa cha meza bila kukivuta. Mara nyingi jibu letu ni moja tu: "Acha! Usiguse!" Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mikono hiyo isiyotulia. Mtoto anaposukuma na kuvuta anajifunza jambo ambalo baadaye shuleni ataambiwa linaitwa kani. Kani ni msukumo au mvuto unaoweza kufanya kitu kiende, kisimame, kigeuze njia au kibadili umbo.

Somo hili halihitaji fedha, kwani kazi zetu za kila siku zimejaa mifano. Chapati tunaisukuma. Ndoo ya kisimani tunaivuta kwa kamba. Mkokoteni mmoja anauvuta mbele na mwenzake anausukuma nyuma. Unapopika chapati, mpe mtoto donge dogo alikandamize, kisha umwulize, "Umesukuma, donge limekuwaje?" Taja neno lenyewe wakati mkono wake unatenda. Hapo atalishika.

Siku nyingine mwambie asukume mlango kwa kidole kimoja karibu na kitasa, kisha asukume karibu na bawaba. Mwache akisie kwanza, ndipo ajaribu. Karibu na bawaba mlango utakuwa mzito, naye atashangaa kwa kuwa mlango ni ule ule. (Uangalie tu vidole vyake visiingie kwenye upenyo.) Kisha funga kamba kwenye boksi, alivute juu ya sakafu laini, halafu juu ya mkeka. Kwenye mkeka litakuwa gumu zaidi kuvuta, kwa sababu mkeka unalizuia. Kuzuiana huko kunaitwa msuguano. Mtilie mawe machache ndani ya boksi, aone tena.

Huenda akauliza, "Mama, embe likidondoka, nani amelivuta?" Usimkemee. Mjibu kwamba dunia ndiyo imelivuta. Isaac Newton wa Uingereza alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba mvuto huo huo ndio unaoushika mwezi katika njia yake ya kuizunguka dunia. Leo kani hupimwa kwa kipimo chenye jina lake. Embe dogo la gramu 100 linavutwa na dunia kwa karibu newton 1, na maji ya lita 20 kwa karibu newton 200. Shingo zetu akina mama zinalijua somo hilo bila kufundishwa!

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Mkono ule ule unaovuta boksi ndio unaovuta kitambaa chenye chupa ya chai juu yake, mpini wa kikaango, au waya wa pasi. Tunamkataza mtoto, lakini yeye haoni kitambaa kina uhusiano gani na chai. Basi mwonyeshe. Weka kikombe cha plastiki chenye maji baridi juu ya kitambaa, ukivute wewe mwenyewe polepole mpaka kikombe kianguke. Mwulize, "Je, ingekuwa chai ya moto?" Mtoto aliyeona sababu husikia katazo kwa sikio jingine.

Hata hivyo, tusitegemee kumbukumbu ya mtoto mdogo. Geuza mpini wa kikaango uelekee ukutani, kunja waya wa pasi, na penye watoto wadogo ondoa kitambaa kinachoning'inia. Ajali ikitokea, mwagilia mahali palipoungua maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kusema "Usiguse" tafuta kila siku kitu kimoja ambacho unaweza kusema, "Haya, sukuma. Sasa vuta. Umeona nini?" Mtoto anayezoea kuulizwa hivyo atazoea kufikiri kabla ya kunyoosha mkono.

Tukijaliwa, tukutane mwezi ujao.